Gari Lililobisha Hodi

Si kweli kwamba shemeji yangu alikuwa akimpiga mume wangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotembea zaidi, na kwa sababu baadhi ya waliolitembeza walikuja msibani, wakala, wakanawa mikono na kunipa pole. Si kweli pia kwamba marehemu alirukwa na akili uzeeni akaanza kufunga vyuma ovyo kwenye gari, wala kwamba ndugu hao wawili waligombania gereji ya baba yao mpaka mmoja akamtupa mwenzake nje. Jirani yetu wa ukuta wa kushoto, ambaye mtaa mzima unamwita Redio, ingawa redio ina swichi ya kuizima, anasema aliyaona haya kwa macho yake. Aliona, sikatai. Aliona mkono ukishuka begani. Kwa nini ulishuka, hilo hakuuliza.

Nimefundisha shule karibu maisha yangu yote, na najua jinsi habari inavyotoka dawati la mbele ikafika la nyuma imeshaota mkia. Basi nitaieleza mara moja, kwa utaratibu.

Mume wangu alikuwa fundi magari. Alinioa nikiwa tayari mwalimu, na wapo wa upande wetu walioniuliza kama nilikosa mtu wa kalamu. Aliniita Mwalimu, nami nikamwita Fundi, hata tukiwa wawili tu, hata tukiwa tumenuniana. Watu wa gereji walimwita Sikio, na jina hilo alilipata kihalali. Mteja alikuwa akiingia getini na Fundi yuko ndani, kampa kisogo, ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Kabla mteja hajazima injini, Fundi ameshasema kuwa ni beringi ya gurudumu la mbele, kulia. Hakuwa akijisifu. Alisema kama mtu anavyosema kuwa maji yamechemka.

Kisha ikaja asubuhi moja. Mvua ilikuwa imepiga bati letu tangu jioni kama inayotaka kulitoboa, na mimi sikuwa nimefumba jicho. Fundi aliamka akiwa amelala vizuri, akafungua mlango wa uani, akasimama. Ua ulikuwa umejaa maji. Ndoo zilikuwa zinaelea polepole, zinagusana na kuachana, na viatu vyake vya kazi vilikuwa vimesafiri mpaka ukutani. Alivitazama muda mrefu. Halafu akanigeukia, akauliza kwa upole, "Kumbe kulinyesha?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, kidogo. Nilimwona akiitazama midomo yangu nilipokuwa najibu, nikajua. Tangu siku hiyo sikumwita tena nikiwa jikoni. Nilimfuata alipo, nikasema naye tukiwa tumeelekeana. Hatukulizungumza. Katika nyumba yetu mtu alikuwa na haki ya kukaa na jambo lake mpaka alitoe mwenyewe.

Sasa nije kwenye gari. Lilikuwa la zamani, rangi yake ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na viti vyake vilikuwa vimeshatuzoea. Injini ya gari haikalii chuma kitupu. Inakalia vipande vya mpira, mafundi huviita maunting, ili mtikisiko uishie humo usiwafikie walio ndani. Vya gari letu vilikuwa vimechoka, vimebonyea kama mto wa kitanda cha wageni, na injini imezama juu yake. Vipya vilikuwepo madukani, tena si vya bei ya kutisha, kwa hiyo wanaosema ni ubahili wanyamaze. Fundi alichukua pande la chuma, akalibana kwenye mashine ya kukereza, akatengeneza vyake mwenyewe. Zilipotoka, zile maunting za chuma ziling'aa kama bangili. Akaondoa mpira wote, akafunga chuma.

Mdogo wake, yaani huyo shemeji yangu ambaye waliendesha gereji pamoja tangu baba yao alipofariki, alimwuliza kama anajiandaa kwa mashindano, maana ni vijana wa mbio ndio hufunga vitu vya namna ile. Fundi alicheka tu. Mimi nilimwuliza mezani, nikiwa nimemtazama usoni.

"Mpira unameza, Mwalimu," alisema. "Injini inasema, mpira unameza. Mimi nataka inifikie."

Nilielewa palepale. Aliyekuwa akiisikia injini kwa masikio alikuwa ametafuta njia nyingine ya kuisikia. Mtu aliyerukwa na akili hawezi kufikiri hivyo.

Siku ya kwanza alinipeleka kuzunguka nalo. Sijui niielezeje safari ile. Alikuwa amevua viatu, nyayo zake ziko wazi juu ya pedali, viganja vimelala kwenye usukani kama mtu anayepima homa ya mtoto. Gari lote lilikuwa linaunguruma kwa ndani. Mtikisiko ulipanda kupitia kiti, ukanipita mgongoni, ukafika kwenye meno, na miwani yangu ikawa inacheza puani. Katika kioo cha pembeni dunia tuliyoiacha nyuma ilikuwa inatetemeka kama inayoonekana kupitia maji: nyumba, nguzo za umeme, mwanamke aliyebeba boga, vyote laini, vyote karibu kuyeyuka. Nilihisi nimeingia ndani ya mzinga na nyuki hawana ubaya nami. Nikasinzia. Nilipozinduka tulikuwa tumesimama mbele ya kituo cha mafuta na Fundi anatabasamu peke yake, midomo imefunguka kidogo, kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali. Muda mrefu sikuwa nimemwona hivyo.

Lakini chuma kilikuja na jambo lake. Mpira uliobonyea ulikuwa umeishusha injini. Chuma kiliirudisha juu, tena kidogo kupita pale ilipozaliwa. Na bomba la moshi limefungwa kwenye injini, linapita chini ya sakafu mpaka nyuma, kwa hiyo injini ilipopanda, bomba likapanda nayo. Palipokuwa na nafasi ya kutosha kati ya bomba na mhimili wa chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, pakabaki nafasi finyu. Fundi alikuwa na namna yake ya kupima, aliyorithi kwa baba yake: asubuhi, gari limepoa, analala chini yake na kupitisha kidole kati ya bomba na chuma. Kidole kikipita, kazi imekwisha. Kilichobaki huwa anakisikia mwenyewe barabarani. Alipima hivyo safari hii pia. Kidole kikapita.

Ila bomba likipata moto huongezeka urefu, hujikunja, hutafuta pa kwenda. Kila gari lilipochemka, bomba likafika kwenye ule mhimili na kuanza kugonga. Ngo ngo ngo. Linanyamaza, kisha tena, ngo ngo ngo, kama mgeni mwenye adabu aliyesimama mlangoni. Mtaa mzima ulisikia. Yeye, na mtikisiko ule wote uliompa raha mikononi, hakuweza kutofautisha kule kugonga.

Pale kona kuna kinyozi, na kwa kinyozi daima kuna wanaume wasionyolewa. Gari lilipopita linagonga, mmoja wao alinyanyua mkono na kuitikia, "Karibu, pita ndani!" Wengine wakadaka. Ikawa desturi yao: gari linabisha hodi, wao wanakaribisha, mikono juu, meno nje. Fundi aliiona mikono. Maneno hakuyasikia. Akawa anawapungia kwa furaha, kila siku, mkono nje ya dirisha.

"Watu wa mtaa huu wamekuwa wema sana siku hizi," aliniambia.

Nikasema ndiyo, wamekuwa wema. Ningefanya nini? Kumwambia gari linagonga ni kumwambia hasikii, na bado sikuwa nimepata namna ya kusema moja bila lingine.

Namna hiyo nililetewa na shemeji. Alikuja kwetu jioni, hakukaa sawasawa kitini, akaanza kuzungukazunguka. Alisema kwamba wateja wananong'ona. Alisema kaka yake amerudisha gari moja kwa mwenyewe akisema ni zima, na lilikuwa linalia hadi mbwa wanalikimbia. Hakujua sababu, alidhani ni uzee na uzembe, na hilo lilimwumiza kwa sababu alimpenda kaka yake. Mwishowe akasimama mbele yake, na kwa bahati akasema akiwa amemwelekea.

"Kaka, pumzika. Nipe funguo za gereji. Fundi ambaye gari lake linabisha hodi mtaa mzima, nani atamwachia la kwake?"

Fundi aliyaona maneno yale yote, moja baada ya jingine. Kisha akasema kwamba Jumamosi watapanda gari pamoja, watakwea mlima wa tangi la maji na kurudi. Mdogo wake akisikia lolote, funguo ni zake. Akasema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na niliona ulivyoushika. Gereji ile ndiyo ilikuwa mwili wake. Kumtoa mle ni kumwambia akakae uani angoje.

Kesho yake nilivaa nguo nzuri, nikamwambia anipeleke nje, popote. Tukaondoka. Niliweka mkono juu ya goti lake kama tulivyokuwa tukifanya zamani tukiwa wachumba, akanitazama na kucheka kidogo. Gari lilikuwa bado baridi. Tulipita shule, tukapita kinu cha unga, na tulipoanza kuteremka kuelekea mtoni nilisikia limeanza. Ngo, nikagonga goti lake kwa kidole. Ngo ngo, nikagonga mara mbili. Likanyamaza, nikatulia. Likaanza tena, nikaanza nalo.

Aliutazama mkono wangu. Akaitazama barabara. Akautazama mkono tena. Kisha akaingia pembeni, akasimamisha gari chini ya nguzo ya umeme, injini ikiwaka.

"Linagonga," alisema.

"Linagonga."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofunga chuma."

Kupitia kiti nilihisi injini inapumua chini yetu sote wawili, polepole, kama mnyama mkubwa aliyelala.

"Na wewe ulijua kwamba mimi…"

"Tangu ile mvua, Fundi."

Aligeuza uso kutazama dirishani. Bega lake lilitikisika, na sikuweza kujua kama ni yeye au ni gari. Nami sikujaribu kujua. Baadaye akanigeukia, uso wake ni mkavu, akaniuliza swali moja tu, la kazi: kama huwa linagonga mapema au baada ya kwenda kidogo. Nikamwambia kamwe si mapema. Akafumba macho. Nilimwona akilitembelea bomba lile kichwani mwake, kutoka kwenye injini hadi nyuma, sehemu kwa sehemu, kama mtu anayepita kwenye nyumba ya utotoni gizani bila kugusa ukuta.

"Ni moto," alisema. "Nimekuwa nikilipima limelala. Lenyewe hurefuka likiwa macho." Halafu akauliza kama bado ninazo chaki.

Mwalimu hakosi chaki. Tuliporudi nilimpa kipande, akaingia chini ya gari akapaka mhimili na sakafu yote iliyo juu ya bomba, nyeupe pee, mpaka nikamwambia ameandika kuliko wanafunzi wangu. Tukatoka tena, mkono wangu kwenye goti, tukaenda mpaka gari likachemka na kugonga sana. Aliporudi kulitazama, akanivuta na mimi niiname. Palikuwa na alama moja chakini, mviringo, nyeusi, safi, kubwa kama mdomo wa kikombe. Pale ndipo palipokuwa panabishwa hodi.

Kazi aliifanya mwenyewe, uani kwetu, si gereji, na mimi nilimshikia taa. Alilikata bomba pale linapopinda, akalichomelea upya likipita chini zaidi. Akaweka na kipande cha bomba kinachonyumbuka, kilichosukwa kwa waya, ili moto ukilirefusha liwe na pa kujinyoosha. Na jambo alilolifanya mwisho hakuwahi kulifanya maishani: alilegeza nati zote za bomba, akawasha injini, akaiacha ichemke kabisa, na ndipo akakaza, akiwa amevaa glavu nene, jasho linamtoka. Kisha akapitisha kidole kwenye nafasi, glavu na yote. Kikapita mpaka kifundo. Zile maunting za chuma hakuzigusa.

Jumamosi shemeji alikuja amevaa shati la pasi kama mtu anayekwenda kwenye kikao. Akakaa mbele, kando ya kaka yake. Mimi nikakaa nyuma. Hakuna aliyenialika, na hakuna aliyenizuia. Fundi akavua viatu. Tukapita shule, tukapita kinu, tukakwea mlima wa tangi la maji na gari limechemka sawasawa, na shemeji kainamisha kichwa kama daktari, akisikiliza. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na ule mngurumo tu, mmoja, mrefu, unaotoka kwenye chuma na kuingia mifupani. Tulipofika juu, mji ulikuwa chini yetu umelala mchana kweupe, mabati yanameta, moshi mwembamba hapa na pale, na katika kioo kila kitu kilikuwa kinatetemeka kwa upole. Kwa muda hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi.

Tulipokuwa tunateremka, shemeji alitazama nje ya dirisha lake na kusema, kwa sauti ya mtu anayemeza kiburi, "Kaka, umeniweza. Nisamehe."

Fundi aliendelea kuendesha.

"Kaka, nimesema nisamehe."

Fundi akabadili gia, akatabasamu kwa kitu alichokihisi miguuni. Shemeji akageuka, uso umeanza kuiva kwa hasira, akanikuta mimi namtazama. Nilimtazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi ambaye jibu analo, anahitaji tu kuachwa alifikie. Nikaona linamfikia. Liliingia machoni, likashuka mpaka kinywani, na kinywa kikabaki wazi.

Tukafika kona ya kinyozi. Wale wanaume walikuwepo wote, wamekaa kwenye benchi. Gari lilipita bila kubisha hodi. Hakuna aliyenyanyua kichwa, na mkono wa Fundi uliokuwa umeshatoka dirishani ulibaki hewani.

"Leo mbona hawanisalimii?" aliuliza.

Nilifungua kinywa. Shemeji aliniwahi. Aliweka mkono begani kwa kaka yake, akaugonga kidogo, akangoja mpaka gari liliposimama na kaka yake amemgeukia. Ndipo akasema, taratibu, kila neno mahali pake: "Hawakulisikia gari, kaka."

Fundi alimtazama. Akanitazama mimi kwenye kioo. Nilijua kilichokuwa kinapita kichwani mwake, mkono ule aliowapungia siku zote zile, na nilitamani kukizuia, nisijue vipi.

"Walikuwa wanasemaje?"

"Karibu," nikamwambia. "Karibu, pita ndani."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Kisha akarudisha gari nyuma hadi mlangoni kwa kinyozi, akazima, akavaa viatu vyake bila haraka na kushuka. Sisi tukamfuata. Alisimama kizingitini mpaka wote wakamwona, na baadhi yao wakawa wanatafuta pa kuweka macho.

"Mmenikaribisha kila siku nikawa napita," alisema. "Leo nimeingia."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi, mtu wa busara kuliko wateja wake, alikung'uta kitambaa chake cheupe, akakigeuza kiti. "Kaa, mzee," alisema. "Umechelewa, lakini kaa." Fundi akakaa. Wakamnyoa, ndevu na kichwa, na mmoja wa wale wa benchi akamtolea maji ya kunywa. Shemeji alisimama karibu na kiti muda wote, mkono wake begani kwa kaka yake, kama mtu anayeogopa asije akapotea.

Funguo za gereji hazikuhama. Tangu wiki ile walifanya kazi hivi: gari la mteja likija na sauti, wanaingia wote wawili. Fundi anashika usukani, miguu peku. Mdogo wake anakaa kando yake, na kila akisikia sauti anamgonga bega, la kulia kama inatoka kulia, la kushoto kama inatoka kushoto, kwa nguvu au kwa wepesi kulingana na sauti yenyewe. Fundi anaunganisha hayo na anachokihisi nyayoni, na anaitaja. Hawakukosea tena. Wateja walirudi, wakadhani ni mtindo wa familia. Walizunguka mtaani hivyo miaka yote iliyobaki, hadi Fundi alipougua, na siku anaugua alikuwa bado ndiye fundi mkuu wa gereji ya baba yake.

Hicho ndicho Redio alichokiona akichungulia juu ya ukuta: mtu mzima anagongwa mabegani ndani ya gari na mdogo wake, na anatabasamu. Akasema anapigwa, na anatabasamu kwa sababu akili haipo. Hakuacha kusikia kwa uzembe wala kwa ulevi wala kwa laana, na kutosikia hakukumfanya mjinga hata siku moja. Sasa mmeambiwa.

Gari liko uani, maunting zake za chuma ziko palepale. Haliuzwi; wanaotuma watu kuniuliza bei wasitume tena. Jioni nyingine naingia, naliwasha, naketi kiti changu, si chake, mpaka lichemke. Bomba halijagusa kitu. Alichoniambia Fundi mara ya mwisho tulipokaa humo, na kwa nini shemeji huja kuketi kiti cha nyuma bila kusema neno, wapo wanaotaka kujua. Mimi najua. Sisemi.